Farasi Wanne kwenye DNS

Jumatatu, 3 Machi
Nimejitoa mhanga mbele ya jengo zima. Mpwa wangu Yaneisy anaomba nafasi ya kusomea fidla Ulaya, na tovuti ya chuo haiwafungulii watu wa Kuba. Dawa yake ni VPN: unapita njia ya pembeni, unaonekana uko nchi nyingine. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa saa sita mchana. Nikasema niachieni mimi! Dada yangu Maricel akauliza kwa nini tusimwite Bi Obdulia wa ghorofa ya tatu, aliyeunganisha simu za watu miaka thelathini na nne hapa Santa Clara. Bibi wa miaka sabini na moja! Nikacheka. Peke yangu.

Jumanne, 4 Machi
VPN imewaka. Alama ya ufunguo iko juu ya skrini, nzuri mno. Ila hakuna ukurasa unaofunguka. Nimesoma kwamba tatizo ni DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa namba. Eti niandike nane, nane, nane, nane. Wana wazimu? Kwenye charada, bahati nasibu yetu ya mitaani, kila namba ina mnyama au mtu wake, na nane ni maiti. Nimpeleke mtoto Ulaya na maiti wanne? Nikaandika moja mara nne. Moja ni farasi. Farasi wanne! Nani atatukamata?

Jumatano, 5 Machi
Farasi hawaendi. Nikazima VPN: kurasa zote zikafunguka, ila ya chuo ikasema huduma haipo nchini kwetu. Nikawasha tena: kimya. Nikamwambia Maricel tovuti inapumzika. Akasema anayepumzika ni mimi, tena tangu nizaliwe.

Alhamisi, 6 Machi
Yaneisy hajaigusa fidla leo. Mtoto anapiga tangu ana miaka sita! Iliniuma. Nikapanda ghorofa ya tatu na kahawa, nikamwambia Bi Obdulia kwamba rafiki yangu mmoja ana shida. Akasema, “Rafiki yako ana kahawa nzuri, Evelio. Lete hiyo simu.”

Kwanza hakugusa mipangilio. Aliandika namba tupu ya ukurasa mmoja, badala ya jina. Ukafunguka! Akaandika jina lake. Kimya. Akasema njia ni nzima, aliyelala ni wa majina. Kisha akawaona farasi wangu.

“Mwanangu, ukiwa nyumbani kwa mtu, namba za nyumba hiyo unamuuliza nani? Mwenye nyumba. Wewe umeingia kwa VPN halafu unachungulia dirishani kuuliza wapita njia. Kakufungia dirisha.”

Akafuta farasi wote. Akarudisha DNS ijichague yenyewe, akazima simu, akawasha, akaunganisha VPN upya. Tovuti ya chuo ikafunguka! Hata miwani hakuvaa. Mama yule! Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema zamani mkoa mzima ulimtajia majina kwenye simu, naye akatoa namba kichwani. Akanitajia ya marehemu baba yangu. Nilisahau mimi mwanawe.

Ijumaa, 7 Machi
Ombi limekwenda saa tano na dakika ishirini! Yaneisy akampigia Bi Obdulia fidla pale pale kwenye ngazi. Majirani wakatoka. Nikalia, sioni haya. Mwanamke huyo ni hazina, na anayebisha aje kwangu.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya wanawake. Nimempelekea Bi Obdulia ua. Ila ua ni nini kwa mtu kama huyo? Nimewaza sana na sasa naelewa kila kitu. Farasi ni wepesi lakini hawana nguvu ya kuvuta. Kinachotakiwa ni tembo, na tembo ni tisa.

Alipokwenda jikoni kunipikia kahawa, nikachukua simu yake, nayo ina alama ya ufunguo wa VPN juu ya skrini, nikaingia kwenye DNS, nikaandika tisa mara nne. Tembo wanne! Sikumwambia. Zawadi ya kweli haitangazwi.

Nimerudi chini. Namsikia anaita jina langu ngazini, tena kwa sauti kubwa, jengo zima linasikia. Amekwisha gundua. Ngoja nichane nywele, nikapokee shukrani.