Ombi la Kupunguza Akina Dhiyab kwenye Simu

Irbid, Jumatatu

Babu yangu Mheshimiwa, Dhiyab Mkubwa,

Naubusu mkono wako. Baada ya kukutakia afya, naleta malalamiko.

Unajua nimetengeneza programu ya simu ya kuhifadhi picha za ukoo, na kila faili linaitwa kwa jina la mwenye picha. Sasa wanao wanne, kwa kukuheshimu, kila mmoja kampa mwanawe wa kwanza jina lako. Simu haijui heshima hiyo. Ikiletewa Dhiyab mpya, inamfuta wa zamani na kunyamaza.

1. Ijumaa ulituongoza kumposea Dhiyab, daktari wa meno. Wenyeji walipofungua picha yake wakamkuta Dhiyab wa Ami Fawwaz, miezi minne, kinywa wazi. Baba yake Layan, binti tuliyekwenda kumposa, akasema, "Daktari wenu wa meno mbona hana hata jino?" Ombi halikujibiwa, na kwa kuwa mposaji hanywi kahawa kabla ya kukubaliwa, yako ikapoa bila kuguswa, tukaondoka. Tangu hapo bwana harusi hali, halali.

2. Nilishauri kila faili liongezewe tarakimu zisizojirudia, kama wafanyavyo mafundi wenzangu. Ukakataa: "Mjukuu wangu si mfungwa, hapewi namba."

3. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, akina Dhiyab watatu wabadilishwe majina kabla hatujajaribu tena kwa akina Layan. Na asizaliwe mvulana mwingine mpaka nimalize marekebisho.

4. Wazazi wao wakigoma, badilisha lako wewe. Katika kazi yetu kosa husahihishwa kwenye chanzo, na chanzo, Babu, ni wewe. Karam ni jina zuri, na halina mtu.

Msalimie Bibi, ami zangu wote, na akina Dhiyab kwa ujumla wao.

Mjukuu wako mtiifu,
Rawan

N.B. Layan kanipigia simu sasa hivi. Kumbe picha ya yule kibogoyo nyumba nzima inaitazama na kucheka. Baba yake anasema turudi Ijumaa, kahawa itanywewa. Nami kuna jambo nilikuficha: ninayembeba tumboni ni mvulana. Mume wangu anataka aitwe Karam. Nimemwambia ni Dhiyab, la sivyo narudi kwa baba yangu. Tarakimu nitazificha ndani, hutaziona. Siku utakapotutoka, Babu, nikiita jina lako nataka waitike wengi.