Kidole na Mshale wa Juu

Kitendawili! Umesema tega? Basi kamata hiki: nikishonwa kifuani napendeza, nikitolewa na hakimu mtu analia. Mimi nani? Fikiri, usinikimbilie. Ukishindwa ilikupasa unipe mji, lakini kaa nao. Miji siku hizi imejaa wajanja, nitaufanyia nini? Nisikilize tu habari za mmoja wao.

Watu walimwita Kidole, maana elimu yake yote ilikaa vidoleni. Alijua mambo matatu ya kompyuta, la nne hakuna. La kwanza, ukibana Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, maandishi yananenepa. Kinyozi mmoja alikuwa akisoma skrini yake kama anayeibusu, maskini. Kidole akamnenepeshea herufi, akaondoka na redio yake. La pili, ukibana Ctrl na Z, ulichokifuta kinarudi. Kwa hilo alifufua barua ya mwenye bucha, akatuzwa birika la umeme. La tatu ndilo lililomlisha: zipo kompyuta ambazo ukibana Ctrl, Alt na mshale wa chini, skrini nzima inasimama kichwa chini miguu juu. Ukirudia kwa mshale wa juu, inakaa sawa. Mambo ambayo jirani mwema angekuonyesha bure huku akipiga miayo, Kidole aliyageuza uganga.

Siku hiyo hakutaka redio wala birika. Alitaka suti. Jioni alitakiwa kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, askari magereza mstaafu, mzee asiyejua kucheka, ambaye alikwisha tuma salamu: "Akija na hizo fulana zake, hata hodi asibishe." Bila suti, hakuna mke. Na suti ya bluu ilikuwa pale dirishani kwa Mama Shela, mkodisha nguo za harusi. Nyuma yake, pembeni ya cherehani, palikuwa na kompyuta. Kidole alitabasamu kama paka aliyekuta kabati wazi.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Unaoa au unasindikiza?"

"Napita tu. Nimesikia kompyuta yako inakoroma."

"Hiyo ni feni."

"Ndivyo wanavyosema wote." Akaweka mfuko wake wa mapato chini, akatandaza kitambaa cheupe juu ya vitufe. "Mama, kuna mtu anakuita hapo nje?"

Mama Shela aligeuza shingo. Aliporudisha macho, picha ya bibi harusi kwenye skrini ilikuwa inaning'inia kama popo.

"Maskini mimi! Imepatwa na nini?"

"Imepinduka. Damu imeshuka kichwani. Isipotibiwa itazirai, na picha za wateja wako zote zitazirai nayo."

"Unatibu kwa dawa gani?"

"Situmii dawa, wala sigusi kitufe hata kimoja. Kitambaa na pumzi tu. Kipaji cha babu."

"Na babu huchukua nini?"

Kidole alitazama dirishani kwa haya, kama mwari. "Ile ya bluu. Jioni naenda ukweni."

Alitarajia mabishano, kwa kuwa mwanamke yule alisifika kwa mkono wa birika. Angeweza kukutoza hata kivuli cha shela. Ajabu, alisema tu, "Ijaribu kwanza, isije ikakubana makwapa. Suruali hii hapa. Koti limekatika kifungo, ngoja nikutilie kingine. Na hizo nguo zako nipe, nizikunje."

Nyuma ya pazia, Kidole alivaa suruali akijipigia mluzi. Alisikia kitu kikilia *kwa!*, kisha harufu ikaja.

"Mama, kuna kinachoungua?"

"Pasi hiyo, mwanangu. Shika koti lako."

Akatoka amemetameta, kifungo kipya cheusi kikimeta kifuani. Alijitazama kiooni, ila hakutazama zaidi ya uso wake, kwa kuwa aliupenda sana. Akaketi mbele ya kompyuta, akanyoosha kitambaa kilichokuwa bado juu ya vitufe, akafumba macho, akaguna kiganga. Chini ya kitambaa vidole vikatambaa: Ctrl, Alt, na cha tatu kikatumbukia shimoni.

Akapapasa. Akabana kitufe cha jirani. Bibi harusi akalala ubavu.

"Mbona amelala?" Mama Shela aliuliza.

"Anapumzika. Ndiyo dalili ya kupona."

Akabana kingine.

"Sasa amegeukia ukutani! Amekununia?"

"Dawa inapanda, mama, usiiharakishe." Alipuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Mwisho aliinua skrini nzima, akaisimamisha kwa ubavu. "Haya! Bibi harusi huyo, wima!"

Mama Shela aliutazama mguu wa skrini uliochomoza pembeni. "Huyu amesimama, skrini ndiyo imelala," akasema.

Jasho lilimtiririka Kidole ndani ya ile suti. Akilini alimwona baba mkwe akitazama saa. "Mama," alinong'ona, "kitufe cha mshale wa juu kiko wapi?"

"Wewe si hugusi vitufe?"

Kidole akajifanya anakunja kitambaa. Mlango ukafunguka, akaingia msusi wa jirani, dada yake Mama Shela, kabeba kibodi kwapani. Nyuma yake kinyozi na mwenye bucha.

"Ndiye!" msusi akasema. "Juzi kapindua skrini yangu, kaenda na draya. Vitufe alifunika, lakini saluni yangu ina kioo mbele na kioo nyuma, baba wewe! Nilikiona kila kidole. Nikawapa habari dada na hawa wawili, nikamwambia dada ukija anitumie ujumbe, akubembeleze mpaka nifike."

Akachomeka waya wa kibodi yake, akabana vitatu, na skrini ikarudi sawa. Mfuko ukamwagwa. Redio ikaenda kwa kinyozi, birika kwa mwenye bucha, draya kwa msusi.

"Nipeni basi nguo zangu," Kidole alisema.

"Nilizikuta chafu," Mama Shela akajibu, "nimeziloweka."

Basi Kidole akapiga hesabu yake ya mwisho. Mfuko umekwenda, lakini suti anayo mwilini, na mke yuko upande wa pili wa mlango ule. Akaunyatia.

"Mwanangu, unaondoka bila jibu lako? Si uliuliza kitufe kiko wapi?" Mama Shela akamgusa kifuani kwa ncha ya mkasi. "Kiko hapo. Nimekitoboa kwa sindano ya moto. Sasa toka na koti langu na kitufe changu mbele ya mashahidi hawa, uone kama hakimu hatakuongezea kingine."

Kidole aliinamisha macho. Pale kifuani, kimshale kidogo cheupe kilikuwa kinamwelekea kidevuni.

"Aniongezee kingine nini, mama?"

"Kifungo, baba."