Jiwe la Kufulia la Bibi Kalliroi

Jumanne, 3 Juni
Shemeji yangu Thrasos kaanza kuchimba msingi mbele ya mkahawa wangu. Ghorofa mbili! Wateja wangu hawafuati kahawa, wanafuata bahari. Wakianza kutazama dirisha la choo cha Thrasos, nimekwisha. Nimemsihi kwa heshima. Kanijibu ninunue picha ya bahari niitundike ukutani. Hana haya!

Jumatano, 4 Juni
Dawa nimeipata. Hapa kwetu ukichimba ukakuta kitu cha kale, ujenzi husimama, hata miaka kumi. Nami uani mwa mkahawa, kando ya meza za wateja, nina jiwe la kufulia la marehemu bibi. Nimeligeuza. Lo! Maandishi chini, na ubavuni mstari mwingine! Herufi ni hizi hizi zetu, ila zimebanana bila nafasi, na maneno siyapati. Yanasema nini? Mchana, kijiji kizima kikiwa kimelala, nimelisukuma kwa toroli hadi shimoni kwa Thrasos, nikalifukia, uso wenye maandishi tu nje. Mgongo sina.

Ijumaa, 6 Juni
Mafundi wameliona! Ujenzi umesimama! Bi Mirsini, mtaalamu wa mambo ya kale, amefika na brashi zake. Thrasos analia waziwazi. Mimi nimepeleka kahawa ya bure mara tano. Si wema. Nataka kujua jiwe linasema nini, roho haitulii!

Jumamosi, 7 Juni
Bi Mirsini kasoma: “Mimi ni mpaka.” Mpaka wa nini? Kasema bado hajui. Basi nikamhimiza asome na ule mstari wa ubavuni.

Ubavu ulikuwa bado umefukiwa.

Kaniuliza nimeujuaje. Kabla sijatunga uongo, mke wangu Evanthia kapaza sauti: kumbe jiwe lake la kufulia, analolitafuta tangu Jumatano, ndilo hili! Wakafukua. Ubavuni: “Mtu asinisogeze.”

Jumanne, 10 Juni
Thrasos anajenga huku akipiga mluzi. Uani kwangu, jiwe lilikotoka, wamezungusha utepe mwekundu, eti huenda chini kuna ukuta wa kale. Meza zangu zote zimo ndani. Evanthia kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Namwacha aseme. Mimi nawaza aliyelichonga jiwe lile. Bila shaka naye alikuwa na shemeji.

Bi Mirsini kanionya nisiguse chochote. Nimeelewa kosa langu: jiwe lilikuwa zito mno. Utepe ni mwepesi. Kesho wakienda kula, nausogeza kidogo tu.