Udongo wa Kokoto Wapandishwa Daraja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi ila kwa kofia nyingine. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao, na makaimu wa makaimu. Mheshimiwa Dereva wangu. Wataalamu wa udongo mliobaki. Wadau wote wa kokoto. Shangazi yangu mpendwa, dada wa baba yangu mzazi, ambaye niliambiwa hatakuja. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu wanne.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu siku hii ya uzinduzi wa Kituo cha Kanda cha Uainishaji wa Udongo wa Kokoto na Magadi, kwenye uwanda huu ambao waliotutangulia waliuita jangwa kwa sababu tu hawakuwahi kuhudhuria semina elekezi, nami nitaanza na historia fupi, ambayo katibu muhtasi wangu ameifupisha hadi kurasa thelathini na moja. (Mtu anashusha pumzi kwa sauti.)

Miaka sita iliyopita familia themanini na sita, yaani ninyi, zilihamishiwa hapa, kila familia ikapewa shamba na jembe, na swali likawa moja tu: hapa panaota nini? Idara yangu haikulaza damu. Baada ya miezi kumi na minne pekee ilimtuma mpima udongo, mama mmoja mfupi mwenye buti kubwa, ambaye ninyi wenyewe mlimbandika jina la Mama Kokoto. (Makofi marefu. Vigelegele.) Makofi hayo nayapokea kwa niaba ya idara.

Mama Kokoto alichimba mashimo kumi na saba kwa mtaimbo, akawa anaingia ndani, anakwaruza kuta za shimo kwa kisu, anachekecha udongo na kupima kokoto ndoo kwa ndoo, na nilipomtembelea kikazi, nikiwa ndani ya gari kwa sababu za kiusalama, nilishusha kioo nikamuuliza, "Mama, umepata nini?" Akajibu, "Mheshimiwa, katika kila ndoo kumi za udongo huu, sita ni mawe." Nikampa hongera. Maana yake, ndugu zangu, asilimia sitini ya udongo wetu tayari imeshakuwa malighafi ya ujenzi, na hiyo asilimia arobaini iliyobaki tunaifuatilia kwa karibu! (Kicheko upande wa kushoto.)

Kisha akatoa kichupa, akadondosha tone la asidi juu ya bonge la udongo, na ule udongo ukatoa povu, ukachemka shwaaa, mbele ya macho yangu haya mawili. Niliguswa. Nilimwambia dereva azime injini. Nikauuliza udongo, "Umenitambua?" Mama Kokoto akasema, "Hiyo ni chokaa, Mheshimiwa. Udongo wenye chokaa ukikutana na asidi hutoa povu, hata angekuja nani." Katika taarifa yetu kwa vyombo vya habari tuliandika kwamba udongo ulimpokea kiongozi kwa shangwe.

Hakuishia hapo. Aliokota kokoto akaigeuza, na chini ilikuwa nyeupe kama imepakwa rangi, akanieleza kwamba mvua zetu ni chache mno, kwa hiyo maji hushuka na chokaa hatua chache tu, yakakaukia njiani, chokaa ikaganda, na ndiyo sababu ukichimba kina cha mkono mmoja unakutana na tabaka gumu ambalo mzizi ukilifikia unageuka unarudi. Mnaona wenyewe? Wenzetu kwingine wanahangaika kujenga sakafu. Ninyi mmeletwa mahali ambapo sakafu imeshamwagwa! (Mtu anakohoa.)

Na upande wa magadi, hapo ndipo kifua changu kinapojaa. Kipimo cha magadi kinaanzia sifuri hadi kumi na nne, saba ikiwa ndiyo katikati, na udongo wenu ulipata nane nukta saba. Nane nukta saba, ndugu wananchi! Kuna mikoa imeridhika na sita. Kuna mikoa ina tano na viongozi wake wanalala usingizi. Sisi tumevuka katikati bila msaada wa mtu, na katika Mpango Mkakati wa Miaka Kumi nimeelekeza kwamba tufike kumi na nne. (Mama Kokoto, aliyekaa safu ya nyuma, anajifunika uso kwa mikono.) Naona mtaalamu wetu amezidiwa na hisia.

Sasa nije kwenye uainishaji wenyewe. Ripoti ilinifikia mezani siku ya Jumatatu, nikaisoma ukurasa wa kwanza wote, na ilisema hivi: udongo wa jangwa, wenye kokoto nyingi, chokaa nyingi na mboji kidogo sana, hautunzi maji, maharage yatakosa madini ya chuma na majani yatageuka manjano, Daraja la Nne, litobolewe lile tabaka gumu, ipandwe miti inayovumilia magadi. Daraja la Nne! Kwenye idara yangu! Ninyi mnanifahamu, hakuna kitu chini yangu kilichowahi kuwa cha nne, isipokuwa mimi mwenyewe darasani, na tena darasa lenyewe lilikuwa la watu wanne.

Nikaitisha kikao cha dharura katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, ule wenye feni inayolia kama kifaranga, wajumbe saba, na katikati ya meza tukauweka udongo wenyewe ndani ya kopo tupu la mafuta ya kujipaka, ili haki itendeke. Ulisomewa tuhuma zake zote: ukokoto, umagadi, uhaba wa mboji, na kushindwa kukaa na maji hata siku mbili. Ukapewa nafasi ya kujitetea. Ukanyamaza. Mjumbe wa Rasilimali Watu alisema kwa uchungu kwamba katika miaka ishirini ya utumishi wake hajawahi kuona mtu akisomewa tuhuma akatulia namna ile. Basi tukaupandisha papo hapo, kutoka Daraja la Nne hadi Daraja la Kwanza, tukiruka la tatu na la pili, na barua ikaandikwa, nakala kwa udongo. (Kicheko cha jumla.)

Mama Kokoto alikataa kutia saini. Alisimama mlangoni na buti zake zimejaa vumbi, akaniambia, "Mheshimiwa, udongo hausomi barua. Hawa watu watapanda, na watakula nini?" Nikamwambia asichanganye siasa na sayansi, na kwa kuthamini mchango wake nikamhamishia Masjala ya Kumbukumbu, ghorofa ya nne ya jengo letu. (Sauti kutoka nyuma: "Jengo lina ghorofa tatu!") Ndiyo, ndugu yangu, lina tatu, na ghorofa ya nne iko kwenye hatua ya upembuzi yakinifu, mtumishi mwadilifu husubiri.

Baada ya hapo nilitangaza kwa kipaza sauti, nikizunguka kwa gari siku mbili: pandeni maharage! Na wa kwanza kupanda alikuwa huyu shangazi yangu, aliyewaambia majirani, "Mtoto wa kaka yangu akisema panda, mimi napanda." Alipanda mbegu aliyokuja nayo kutoka alikohamishwa. Majani yakatoka, yakageuka manjano, nasi idara tukaeleza kwamba hiyo ni aina mpya ya maharage inayong'aa. Msimu wa pili akapanda tena zile zilizobaki. Utekelezaji wa awamu ya pili nao ulikuwa wa kuridhisha, changamoto ndogondogo zikiwemo...

(Shangazi anasimama.)

"We! Zile zilikuwa mbegu za marehemu mume wangu. Kwa uji na maharage ya mbegu ile ndivyo ulivyolelewa, umekaa hapa mapajani kwangu. Sema kilichotokea."

Shangazi, nakuheshimu sana, ila maswali yako ukurasa wa ishirini na nane.

"Nimesimama na magoti yananiuma. Sema sasa hivi."

(Mheshimiwa anageuza kurasa. Anakunywa maji.)

Basi... kwa ruhusa ya Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Kilichotokea ni kwamba nilikwenda shambani kwake mchana mmoja, bila msafara, nikamkuta ameketi chini kwenye kokoto, katikati ya mistari ya vijiti vikavu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Na mimi bado." Ndugu wananchi, mimi nimewahi kuhojiwa na tume mbili sikutetereka, lakini siku ile nilifungua mkoba nikatafuta fomu inayohusika, nikaupekua mkoba wote, na fomu ya jambo lile sikuiona. Nikarudi kwenye gari. Dereva aliniuliza kama naumwa. (Dereva anaitikia kwa kichwa.)

Tuendelee na mafanikio. Mama Kokoto, kwa kuwa kila asubuhi alikuwa akiripoti kazini na kukuta ngazi zimeishia ghorofa ya tatu, alianza kuja huku kwa baiskeli, na mtaimbo umefungwa nyuma. Alifika kwa Shangazi akamwambia, na haya nimeyapata kwa vyanzo vya kuaminika...

"Vyanzo gani? Umesimuliwa na mimi!"

...kwa Shangazi, akamwambia, "Dada, udongo huu si mbaya, ila usilazimishwe kuwa udongo mwingine. Lete maji, tutoboe." Na wale kina mama wawili walipiga lile tabaka siku tatu mpaka mtaimbo ukapinda. Walipolivunja, chini yake wakakuta udongo laini wenye ubaridi. Wakajaza shimo samadi na udongo uliochekechwa, wakapanda mche wa komamanga, na zile kokoto walizozichekecha wakazirudisha juu, zikafunika shina pande zote ili jua lisinyonye maji. Kokoto ambazo sisi kwenye kikao tuliziandika kama tuhuma namba moja! Mama Kokoto anasema mawe yakikaa chini yanakula nafasi ya maji, yakikaa juu yanayalinda. Hilo nimelichukua kama wazo langu. (Kicheko. Mtu anapiga filimbi.)

Wakachimba mashimo arobaini. Majirani wakaja kucheka, wakaondoka na kipimo cha shimo. Leo familia hamsini na mbili zina mikomamanga, wengine wamepanda majani ya mifugo katika mabonde yale ambako mvua husukuma udongo laini, na mwaka huu miti ya Shangazi imezaa. Kwa takwimu za idara yangu, huo ni ufanisi wa asilimia mia moja na nne, na zile nne za ziada ni ushiriki wangu.

"Wewe umeshiriki nini?"

Shangazi, nilimhamisha yule mtaalamu. Kama nisingemhamisha angekuwa ofisini. (Wananchi wanacheka hadi wengine wanaketi chini. Shangazi naye anacheka, kisha anajizuia.)

"Basi mrudishie kazi yake. Na hiyo barua ya Daraja la Kwanza uichane hapa hapa, maana wapo wageni wanaletwa mwezi ujao upande ule wa juu, na watapanda maharage."

(Minong'ono. Katibu muhtasi anamnong'oneza Mheshimiwa sikioni. Mheshimiwa anamnong'oneza katibu muhtasi. Barua inatolewa kwenye jalada.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa kanuni, barua haichanwi bila kikao. Natangaza kikao. Akidi imetimia, nimejihesabu. Nani anaunga mkono? (Mikono yote juu.) Udongo una la kusema? Umenyamaza, umekubali. (Anachana barua vipande viwili, anasita, anachana vinne.) Udongo umerudishwa Daraja la Nne kwa heshima zote za kustaafu, na Mama Kokoto amerudishwa ghorofa ya kwanza kwa sababu ipo. (Vigelegele. Buti zinaonekana zikirushwa hewani.) Nimejisikia... sijui neno lake rasmi. Kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Isiandikwe kwenye kumbukumbu.

Nihitimishe kwa kaulimbiu yetu, tuitikie kwa nguvu. Kokoto! ("Juu!") Maji! ("Chini!") Magadi! ("Yapo!") Maharage! ("Hapana!") Mradi! (Kimya.) Nasema, mradi! (Sauti moja: "Uko wapi?")

Asante kwa swali hilo, linalonileta kwenye shukrani. Nawashukuru wote mliofanikisha uzinduzi wa Kituo hiki, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi seremala, aliyetuazima ule mlango mnaouona pale uwanjani, ulioegemezwa kwa mawe na kufungwa utepe, ambao nitaufungua sasa hivi. Kuta, sakafu na paa vitafuata pindi mradi wenyewe utakapobuniwa. Nawaomba sote tuingie kwa mstari, mmoja mmoja, tukipitia mlangoni. (Wananchi wanaanza kuuzunguka mlango, wakielekea shambani kwa Shangazi, Mama Kokoto mbele.) Jamani, msiuzunguke! Kuuzunguka ni kudharau itifaki! (Wanauzunguka. Dereva naye anauzunguka.) Haya basi, asanteni sana kwa kunisikiliza, na atakayepita wa mwisho afunge mlango, vumbi lisije likaingia ndani ya maabara.