Kuvu ya Kapita na Heshima ya Muhogo Wetu

Butembo, Jumatatu

Kwa Daktari Sikuli, mganga wa mifugo, Beu, Beni

Bwana Daktari,

Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira. Juma lililopita ulimtazama farasi wangu Kapita, ukasema jicho lake la kushoto limeingiwa na kuvu. Ukaamuru akae kivulini, afunikwe uso, atiwe matone ya dawa mchana na usiku, la sivyo jicho litapotea. Na Jumamosi Kapita ndiye wa kumbeba binti yangu Sophie kwenda kufunga ndoa! Nalalamika hivi:

1. Umeitukana kuvu. Sisi Wanande tumekua nayo. Muhogo tunauloweka, tunaufunika mpaka uote kuvu, tunaukwangua, tunauanika juani. Bugali wa unga wake uliula kwangu, ukaongeza bila kubembelezwa.

2. Kwa elimu hiyohiyo nilimsimamisha Kapita juani ili jicho likauke. Kukwangua sikuthubutu, maana alinitazama. Likazidi kuwa jeupe. Daktari, weupe ndio sifa ya unga mzuri! Wewe unauita ugonjwa.

3. Mke wangu Kavuo, mtu wa upole, sasa ananipigia kelele mbele ya wageni: "Baba Sophie, farasi haiko muhogo! Lakini uko mutu wa namna gani?" Uchochezi huu umetoka kwako.

4. Kifuniko cha uso Kavuo amekishona kwa kitenge cha ndoa. Wakwe zetu wa Vuhovi wanauliza bibi arusi ni yupi.

Kwa hiyo nadai ufike kabla ya Jumamosi, ufute neno lako mbele ya familia, utamke kwamba Kapita ni mzima.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, na majirani wote wa Beu, hata wanaokuamini.

Ni mimi niliyeonewa,
Onésime Kakule

N.B. Leo asubuhi nimempelekea Kapita majani kwa upande wa kushoto. Hakuniona. Alinitafuta kwa pua mpaka akaligusa shati langu, nikalia kama mtoto. Daktari, njoo. Sophie amekubali kwenda kwa miguu. Kapita yuko katika chumba chetu cha kulala, ndicho chenye giza. Mimi na Kavuo tunalala jikoni na kumtia matone kwa zamu. Yanakaribia kwisha, uje na mengine. Bugali upo.