Ubongo wa Kulinda Mpunga

Jumatatu, 15 Januari

Leo nimekuwa mvumbuzi. Shemeji Christophe, mwalimu wa fizikia hapa Kasongo, amenieleza saketi zinazoiga ubongo. Neuroni, yaani seli ya ubongo, inakusanya umeme kidogo kidogo, ikijaa, inautoa kwa mpigo mmoja. Sinapsi ni kijia cha kuingilia umeme huo, na kadiri kinavyotumika ndivyo kinavyopanuka. Ndivyo inavyojifunza. Nashukuru kuwa na shemeji msomi.

Clovis, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, hunicheka. Atanyamaza. Ubongo wangu wa saketi utalinda mpunga wa mama mkwe unaokauka uani kwetu. Mbuzi wakilia, honi ya pikipiki itawafukuza.

Jumatano, 17 Januari

Umekamilika, kwa vipuri vya redio mbovu. Mikro moja ya kunasa sauti, vijia vitatu: sauti nene, ya kati, nyembamba. Kuufundisha ni rahisi: mbuzi analia, unabonyeza swichi ya honi. Mbuzi wa nini? Nimelia mwenyewe kama mbuzi asubuhi nzima. Majirani wamejaa. Mke wangu Léocadie ameingia ndani, akafunga mlango. Nashukuru hakurudi kwao.

Alhamisi, 18 Januari

Maafa. Mbuzi wamekula mpunga huku wakilia kwa raha, honi kimya. Nilipokuja mbio nikiwafokea, ikalia mpaka betri ikaisha. Clovis amefungua kisanduku cha ubongo, akapima kijia kimoja kimoja.

“Djamali, iko inajua mbuzi mumoja tu,” akasema. “Weye.”

Sauti yangu ni nene. Kijia cha sauti nene kimepanuka. Cha nyembamba, sauti ya mbuzi, kiko vilevile. Na mpunga ule ni mbegu ya msimu ujao. Mama mkwe ameokota punje zilizobaki moja moja. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 20 Januari

Clovis amekuja na mbuzi wake, bila kuitwa. Tumefuta mafunzo ya zamani. Mbuzi amelia, mimi nimebonyeza, mdomo nimefumba. Mchana kundi likaja, honi ikalia, wakatawanyika. Mbegu iliyobaki imepona. Mama mkwe ameniambia, “Aksanti, mutoto wangu.” Clovis naye amepewa kuku. Nimemshukuru Clovis mbele ya watu. Haikuuma sana.

Jumapili, 21 Januari

Nimeamka na moyo mweupe. Nina mke mvumilivu, nina shemeji, nina hata Clovis. Mungu asifiwe.

Nimeanza ubongo wa pili. Utanijulisha mama mkwe akikaribia, niwahi kuvaa shati. Safari hii sitasumbua mtu. Sauti ya mama mkwe nitaiiga mwenyewe. Naiweza vizuri sana.