Nilivyomaliza Ibada ya Kaka kwa "Goodbye"

Aibu ya leo nimejitakia mwenyewe.

Tulikuwa nyumbani Molo, kwenye ibada ya kumkumbuka kaka yangu Karanja. Mwaka mmoja tangu tumzike. Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti nikalia tu, nikakirudisha. Leo niliapa nitamuaga, hata kama ni kwa sentensi moja.

Nilikuwa nimejiandaa. (Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo kujiandaa ni kuuliza.) Karanja alikuwa dereva wa lori la viazi, na kila alipotaka kukata simu alisema "goodbye", hata kama tumeongea Kikuyu kitupu. Binti yangu akanitafutia neno hilo lilikotoka. Kumbe Waingereza wa zamani walikuwa wakiagana kwa kuombeana Mungu awe nawe. Wakaifupisha hiyo sala, wakaifupisha tena, mpaka likabaki neno moja. Nilifurahi sana. Kaka yangu alikuwa akiniombea miaka yote hiyo, bila yeye wala mimi kujua.

MC akanipa dakika mbili kabla ya mahubiri. Nikaeleza vizuri, watu wakatulia. Nilipokaribia mwisho machozi yakanijia. Nikafumba macho yasimwagike, nikainua mkono (sijui kwa nini, ulijiinua), nikasema, "Basi kaka, goodbye. Mungu awe nawe, na awe nasi sote, sasa na hata milele."

"Amina," hema zima likajibu.

Kufumbua macho, watu wamesimama. Kwetu ukisikia "sasa na hata milele" na mkono uko juu, ibada imekwisha, na miguu inajua njia ya sufuria. Shangazi yangu alikuwa tayari wa tatu kwenye foleni. Mchungaji, aliyetoka Nakuru asubuhi na mapema kuja kuhubiri, alikuwa bado ameketi na Biblia wazi magotini.

Nikamwendea kuomba msamaha. Nikamweleza kwamba sikuwa nafunga ibada, nilikuwa namuaga kaka tu.

"Na umemuaga, Mama Shiru?"

"Nimemuaga, Pasta."

Akafunga Biblia. "Basi hata mimi sina la kuongeza. Hebu angalia kama wamebakisha nyama."

Kwa hivyo mkisikia kuna mama aliyeruka mahubiri ya mchungaji mzima, ni mimi, na naomba msinicheke. Lakini semeni pia kwamba, kwa mara ya kwanza, chakula cha ibada Molo kimeliwa kikiwa moto.